Kadi ya Kiungo wa Ayalandi

Jezi ile niliinunua kwa ajili ya kulimia. Hivyo ndivyo nilivyomwambia muuzaji, hivyo ndivyo nilivyomwambia mama yangu, na kwa muda mrefu hata mimi mwenyewe nilijaribu kuamini. Ilikuwa asubuhi ya kiangazi sokoni Kamina, marobota ya mitumba yamefunguliwa, watu wameinama juu ya rundo wanavutana mikono ya mashati. Jezi ilikuwa ya bluu yenye mistari myeupe, imetoboka kwapani, na mgongoni ilikuwa na jina la mtu nisiyemjua na namba nane. Nikasema itafaa kwa shamba la mihogo. Ukweli ni kwamba namba nane ilikuwa namba yangu.

Nilikuwa mchezaji wa kiungo. Sisi huku tunasema milieu, lakini ni kazi ileile: unapokea mpira wa mabeki, unaugawa, unarudi kuziba pengo, na watu wanamshangilia mwingine. Niliipenda kazi hiyo kuliko kitu chochote nilichowahi kufanya kwa mwili wangu. Nilicheza kwa timu ya mtaa, baadaye kwa timu ya mji, kwenye uwanja wenye mchanga mwingi hivi kwamba mpira wa chini ulikuwa unakufa njiani, ndiyo maana viungo wa Kamina tulijifunza kupiga pasi za goti kwenda juu. Watu wa Lubumbashi walitucheka kwa pasi hizo mpaka tulipowafunga.

Naomba niseme mapema jambo lililokuwa kati yangu na baba yangu, maana bila hilo mengine yote hayana maana. Nilipokuwa na miaka kumi na tisa, mtu wa klabu moja ya Lubumbashi alikuja kututazama, akaandika kwenye daftari lake pembeni mwa uwanja, kisha akaondoka. Wiki chache baadaye akaniandikia barua ya kuniita kwa majaribio. Barua ilikuja kwa treni. Wakati huo barua za watu wasio na sanduku la posta zilishushwa stesheni na kugawiwa pale, na aliyezipokea, akazigonga muhuri wa kufika na kuzipanga, alikuwa karani wa stesheni. Karani huyo alikuwa baba yangu.

Sikuiona barua. Miezi mitatu ilipita, nikafanya mtihani wa kumaliza sekondari, ndipo kocha wetu aliponikuta njiani akaniuliza kwa uchungu kwa nini nilimdharau mgeni wake. Nilielewa palepale, nikiwa nimesimama na baiskeli. Barua zote za treni zilipita juu ya meza moja.

Sikumuuliza baba. Hakuniambia. Nilienda kusomea ualimu kama alivyotaka, nikarudi kufundisha historia, na siku nilipoanza kazi akaacha kuniita kwa jina langu akaanza kuniita Mwalimu. Alilitamka kwa fahari, nami kila mara nililisikia kama mlango unaofungwa. Hivyo tukaishi zaidi ya miaka kumi. Sikuwa nataka aniombe radhi, kwa sababu baba mzee kumwomba mtoto radhi kunaaibisha wote wawili. Nilitaka aseme tu. Nilitaka sentensi moja, itoke mdomoni mwake.

Basi. Nilirudi kutoka shambani nimevaa jezi, nikapita kuwasalimu wazazi. Baba alikuwa amestaafu zamani. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu na mikono inatetemeka, lakini bado alikaa mezani kila siku mbele ya droo zake za makaratasi, amevaa shati lililopigwa pasi. Nilipogeuka kuchukua maji akanisimamisha.

“Ile jina mu mugongo iko ya nani?”

“Siyue, Baba. Niliuza tu nguo ku soko.”

Kwetu kuuza na kununua tunayatia katika neno moja, na hilo halikumsumbua. Lililomsumbua ni lingine.

“Unavala jina ya muntu na hauyue njo nani? Eko muzima? Alikufa?”

Katika ukoo wetu jina si pambo. Ukibeba jina la mtu, mnakuwa ndugu wa jina: akiugua unauliza habari zake, akifa unaenda msibani. Mtoto akipewa jina la mtu aliye hai, mtu huyo lazima aambiwe, na kama yuko mbali anatumiwa ujumbe. Baba alikuwa Mmethodisti wa kizazi cha tatu, tena mtu wa vyeti na mihuri, lakini katika hilo alikuwa Mluba mtupu. Nikamwambia ni jezi ya mpira tu, Baba, wazungu wanaandika majina kwenye jezi ili watu wawatambue. Akasema ndiyo hivyo hasa, basi na yeye atambuliwe. Nikapewa kazi ya kumtafuta.

Mtandao wa Kamina ni mgonjwa anayepata nafuu mara mojamoja. Simu yangu ilishika vizuri mahali pamoja tu, kwenye kimwinuko nyuma ya kanisa, na hapo nilisimama Jumamosi moja nikiandika lile jina herufi kwa herufi. Mwenye jina akapatikana. Alikuwa kijana wa Ayalandi, mchezaji wa kiungo, wakati huo ana miaka ishirini na mitatu, akicheza daraja la tatu huko Uingereza. Habari zake zilikuwa fupi, kwa Kiingereza, nikazigeuza kwa simu kuwa Kifaransa, halafu mimi mwenyewe nikazigeuza kuwa Kiswahili kwa ajili ya baba. Alikuwa ameondoka kwao na miaka kumi na sita, akachukuliwa na klabu kubwa, akaichezea mara moja tu, tena aliingia mechi ikiwa karibu kwisha. Baada ya hapo, kuhama juu ya kuhama.

Nilidhani baba atasema sawa, amejulikana, na mambo yataishia hapo. Badala yake akafungua droo ya chini, akatoa bunda la kadi ngumu za rangi ya maziwa.

Zilikuwa kadi za utumishi za reli, tupu, alizoziokota siku ofisi ilipokuwa ikitupa makaratasi. Kila mfanyakazi wa reli alikuwa na kadi ya namna ile, yeye akiiita fiche. Juu unaandika jina na siku ya kuingia kazini. Chini yake vituo alivyotumika, ruhusa, magonjwa, adhabu. Mwisho kabisa sababu ya kuacha kazi, maoni ya mkuu, na sahihi. Baba alikuwa amejaza kadi za namna ile maisha yake yote, na aliamini kwamba mtu asiye na kadi hajatumika popote.

“Andika,” akasema. “Mikono yangu haiwezi tena. Minyi nitasema, weye utaandika.”

Hivyo ndivyo kiungo wa Ayalandi alivyoajiriwa na reli ya Katanga.

Kuanzia hapo ikawa desturi. Jumapili baada ya ibada nilipanda kimwinuko na simu, nikashuka na habari, nikala bukari, ugali wetu, na samaki wa Bukama kwa wazazi wangu, halafu sahani zikiondolewa kadi ikawekwa mezani. Wiki nyingi hapakuwa na kipya. Baba aliuliza hata hivyo: alicheza? Walishinda? Nikisema alicheza dakika zote anatikisa kichwa kwa kuridhika, kama mtu aliyeambiwa treni imefika kwa saa yake.

Lililomshinda mwanzoni ni mkopo. Kijana alikuwa amekopeshwa kwa klabu tatu tofauti kabla ya kuuzwa, na nilipolitamka neno hilo baba aliweka kikombe chini.

“Banamukopesha? Muntu haiko kinga.”

Kinga kwetu ni baiskeli. Nilimweleza kwamba klabu inampeleka kwa klabu nyingine kwa muda, kisha anarudi. Alifikiri sana. Halafu uso ukamng’aa: hilo alilijua. Karani wa Kamina akitumwa Kabondo-Dianda miezi sita kuziba nafasi ya mgonjwa, nafasi yake Kamina ikabaki yake, hilo linaitwa détachement. Akaniamuru niandike hivyo, mara tatu. Ila kwa uzoefu wake, mtu anayetumwa mara tatu mfululizo ama mkubwa wake anamchukia, ama anaandaliwa kuwa mkuu wa stesheni. Akaamua huyu anaandaliwa. Kwa miaka miwili baba yangu alisubiri kwa imani kamili siku ambayo yule Mwairishi angerudishwa kwenye klabu kubwa kuwa bosi, na kila nilipojaribu kumwambia kwamba mpira hauendi hivyo aliniangalia kwa huruma.

Mama naye alikuwa na madai yake. Yeye ni binti wa wakulima Wakatoliki wa kijijini, aliingia Umethodisti kwa ndoa, na tangu nizaliwe sijamsikia akikubali kwamba alishindwa. Alipojua kijana ametoka Ayalandi akapiga makofi.

“Irlande? Kule bote beko bakatoliki. Ule mutoto iko wa kwetu.”

“Fiche haina dini,” baba akajibu.

“Ndiyo maana iko kavu,” mama akasema, akaenda jikoni akicheka. Jumapili iliyofuata nilimsikia akimtaja kijana katika sala ya chakula, lile jina la mgongoni mwangu, kwa matamshi ya Kiluba kiasi kwamba mwenyewe asingejitambua.

Halafu kijana akavunjika mguu. Nilishuka na habari hiyo nikiwa nimeikunja moyoni, kwa sababu ninajua mguu ni nini kwa kiungo. Baba hakuuliza chochote kuhusu mechi. Aliniambia niandike ruhusa ya ugonjwa na tarehe ya kuanza, niache wazi tarehe ya kurudi. Nafasi ile ilibaki wazi msimu mzima. Kila Jumapili aliigusa kwa kidole, akauliza, nikasema bado. Siku nilipoweza kusema amerudi uwanjani, baba alisimama kutoka kitini, jambo ambalo magoti yake hayakulipenda, akasema Bwana asifiwe. Nikajaza tarehe. Nakiri niliandika vibaya kwa sababu macho yangu yalikuwa na maji.

Nilizipenda Jumapili zile. Lazima niseme hivyo, maana ninachosema baadaye kinaweza kumfanya msomaji anione mtu wa kinyongo tu. Tulikuwa hatujawahi kukaa hivyo, mimi na baba, vichwa viwili juu ya karatasi moja. Nilipokuwa mdogo yeye alikuwa mtu wa vituo: Bukama, Kabondo-Dianda, kisha Kamina, siku zote na sanduku la bati lililofungwa kamba. Alikuwa na sifa moja aliyojivunia, kwamba hakuwahi kukataa uhamisho. Sasa alikuwa amempata mwenzake. Na mimi kila Jumapili nilimhesabia mtu mwingine mechi zake, mbele ya yule ambaye hakuwahi kuja kutazama hata moja ya kwangu. Mechi zetu zilikuwa Jumapili. Alikuwa na sababu, sababu ya kanisa, nami nilikuwa nimeikubali sababu hiyo kwa kichwa. Kwa moyo, hapana.

Mwaka mmoja jina la kijana likatokea kwenye orodha ya timu ya taifa. Nilikimbia kushuka kimwinuko, mwalimu mzima, na suruali ya ibada.

“Baba, banamuita! Alipata convocation ya timu ya inchi yake!”

Nilikuwa nimeshalitamka ndipo nikalisikia. Convocation. Ni wito, neno linaloandikwa juu ya barua kama ile yangu. Baba alikuwa ameshanyoosha shingo ili aanze kusema na mimi niandike, lakini akabaki vile. Nje mama alikuwa akipepeta unga.

“Tutaandika siku ingine,” akasema. “Leo nachoka.”

Nilirudi nyumbani na hasira. Alikumbuka, basi. Miaka yote ile nilijiambia labda amesahau, labda ilikuwa karatasi moja katika maelfu. Hakuwa amesahau hata kidogo. Jumapili iliyofuata tuliandika: aliitwa, alikaa benchi, hakuingia. Baba aliyasema maneno hayo haraka, kama mtu anayepita mahali penye mbwa, na mimi niliandika bila kuinua kichwa.

Vituo vikaendelea. Alihamia Uskoti, na katikati ya msimu akaacha ghafla, akarudi Ayalandi kuchezea klabu ndogo ya mji wao. Klabu ilitoa tangazo la mstari mmoja: anaondoka kwa sababu za kifamilia. Nilipomsomea baba akacheka, kicheko kidogo cha karani.

“Raisons familiales! Ile neno niliandikaka mara ngapi?” Akanieleza kwamba ndiyo kauli inayoandikwa pale ukweli unapokuwa na aibu. Mmoja alimpiga mkuu wake wa stesheni: sababu za kifamilia. Mwingine alikimbia na mke wa mwenzake hadi Mulongo: sababu za kifamilia. “Iko sawa blanketi,” akasema. “Unafunika, unapita.”

“Na ya huyu je? Tuandike nini?”

“Andika vile banasema. Hatuna pièce.” Bila hati ya kuthibitisha, karani haongezi neno lake. Nikaandika.

Alicheza kwao misimu michache. Kisha akaacha mpira kabisa, ana miaka thelathini na tano. Baba alihuzunika na kukasirika pamoja. Kazi gani hii, alisema, ambayo mtu anastaafu akiwa bado na meno yote? Yeye katika umri ule alikuwa hajapanda hata daraja la pili la ukarani. Lakini kadi ilipaswa kufungwa kwa utaratibu, na kwa kuwa hakuna mkuu mwingine aliyejitokeza, mkuu alikuwa yeye. Alijiandaa wiki nzima. Jumapili hiyo alivaa tai.

Nami nilikuja na kitu. Gazeti la mji wao lilikuwa limefanya mahojiano marefu na kijana, ambaye sasa tayari alikuwa mtu mzima mwenye mvi za pembeni. Nilikuwa nimeyasoma yote kwenye kimwinuko, mara mbili. Alieleza sababu za kifamilia ni zipi. Baba yake alikuwa ameugua, ndiyo maana aliacha Uskoti: akarudi kumlea mpaka alipomzika. Huyo baba alikuwa dereva wa gari la mikate. Kila jioni ya mazoezi, tangu mtoto ana miaka saba, alimpeleka uwanjani kwa gari lile, akasimama kwenye mvua mpaka mwisho, wakarudi wote wananuka mkate. Alisema hakumbuki hata mechi moja ya utotoni ambayo baba yake hakuwepo.

Ningeweza kufupisha. Nilizoea kufupisha, baba hakupenda maneno mengi. Lakini sehemu ile niliisoma yote, polepole, kwa Kiswahili kilichonyooka, na mstari wa mwisho nikaurudia ingawa hakuna aliyeniomba. Nilitaka umuume. Nasema wazi kwa sababu nimechoka kujionyesha mwema: nilikuwa na miaka arobaini na kitu, mzee wangu alikuwa haoni vizuri, na nilimpiga kwa mkate wa watu wa Ayalandi.

 Baba alisawazisha tai yake. Baadaye akaanza, sauti ya ofisini, na mimi nikaandika chini ya sababu ya kuacha kazi: alimlea baba yake. Chini ya maoni ya mkuu: “Alitumika vituo vyote alivyotumwa. Hakukataa uhamisho. Aliugua, alirudi. Adhabu, hakuna ya kuandikwa.” Akaomba kalamu, akaweka sahihi iliyotambaa nje ya mstari. Nikadhani tumemaliza, nikaanza kuinuka.

“Ikala,” akasema. “Kamata fiche ingine.”

Nilichukua. Nilidhani amepata mchezaji mwingine. Akataja jina, na jina lilikuwa langu. Si Mwalimu. Jina langu, lile la babu yake, kamili, na sikumbuki mara ya mwisho nilipolisikia kwa sauti yake.

“Jina, andika. Kazi: milieu. Kuingia mu kazi: ulikuwa na miaka ngapi?”

“Kumi na ine, Baba.”

“Andika. Kituo: Kamina. Magonjwa?”

“Kifundo ya muguu. Mara moja.”

“Azabu?”

“Kadi nyekundu, moja. Nilitukana arbitre.”

“Andika. Fiche haina bongo.” Bongo kwetu ni uongo.

Niliandika. Mama alikuwa amesimama mlangoni na ungo wake, hatingishiki. Tulikuwa tumebakiza mistari miwili. Nilijua wa kwanza ni upi kwa sababu nilikuwa nimetoka kuujaza kwenye kadi ya mwenzangu. Sababu ya kuacha kazi. Na pale, mbele ya kitu nilichokisubiri nusu ya maisha yangu, nikaogopa. Nikamwonea huruma. Nikataka kumfunika.

“Raisons familiales,” nikasema mimi. “Naandika raisons familiales, Baba.”

“Hapana.” Akaweka kiganja juu ya kadi. “Andika mu Kiswahili, kila muntu asikie. Andika: baba yake alificha mukanda.”

Mukanda, yaani barua. Sikuandika mara moja. Akasubiri. Alikuwa amezoea kusubiri makarani wachanga.

“Unaandika?”

“Naandika, Baba.”

“Niliogopaka,” akasema. “Ile usiandike. Ile nakuambia weye. Niliogopaka utaenda, utavunjika, hakuna muntu ya kukuandikia fiche.” Kisha, kwa sauti ya ofisini tena: “Kila motif, kila sababu, inaombaka pièce. Mama, leta classeur ya bleu. Ile ya nyuma.”

Mama hakuuliza iko wapi. Alienda moja kwa moja, na nikaelewa kwamba na yeye alijua siku zote. Faili la bluu likawekwa mezani. Barua ilikuwa ndani, imekunjwa mara tatu, safi, na mgongoni ina muhuri wa kufika uliogongwa sawasawa. Karani hawezi kuchana karatasi. Alikuwa ameificha, lakini aliitunza kwa miaka yote hiyo, hata panya hawakuigusa. Nililia. Sikulia kwa adabu, nililia kwa makamasi, mbele ya wazazi wangu, na baba akanipa leso yake akiwa anatazama pembeni.

Niliibana barua kwenye kadi. Akaniambia nisome yote, nikasoma, hata ule mstari wa mukanda. Akatikisa kichwa. Ukabaki mstari wa mwisho, maoni ya mkuu. Nikashika kalamu nikasubiri. 

“Minyi siwezi kusema,” akasema. “Sikukuonaka kucheza. Siku hata moja.” Alikunja vidole vyake, akavikunjua. “Muambie baba yako. Ulikuwa unacheza namna gani?”

Hakuna aliyewahi kuniuliza. Nikavuta pumzi, sikujua nianzie wapi, nikaanzia kwenye mchanga: kwamba mpira wa chini ulikuwa unakufa njiani, kwamba tulijifunza kuunyanyua kwa goti, kwamba mimi nilikuwa na goti zuri kuliko wote. Aliniomba kalamu kwa ishara ya mkono. Nikampa. Akainama mpaka pua ikakaribia kadi, nami nikasema, naye akaandika mwenyewe, polepole, kila nilichomwambia. Mstari huo hausomeki. Kila anayeiona kadi anasema ni mikwaruzo tu, lakini mimi naweza kuusoma kuanzia mwanzo hadi mwisho.